Anayeanza na Anayebaki

Kiswahili kina maneno manne ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakisafiri pamoja, mithili ya mabaharia wa chombo kimoja: maendeleo, mfadhili, mradi na mlengwa. Hayako mbali na masikio ya mtu yeyote wa visiwani. Husemwa redioni, huandikwa kwenye vibao vilivyochomekwa kando ya barabara za mashamba, na hurudiwa katika mikutano inayofunguliwa kwa dua na kufungwa kwa chai. Kwa kuwa yamezoeleka, ni nadra mtu kuyasimamisha njiani na kuyauliza yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Mfadhili anatokana na fadhila, na fadhila ni wema autendao mtu asiyelazimika kuutenda. Mwenye kukopa hudaiwa. Mwenye kufadhiliwa hushukuru. Mradi, kabla haujawa jina la kazi yenye bajeti na tarehe ya kumalizika, ulikuwa ni kusudio la moyo, lile jambo ambalo mtu amelikusudia hata akisema maneno mengine. Mlengwa ni neno la shabaha. Hulengwa ndege mtini, hulengwa paa porini, na anayelengwa aghalabu hajui kuwa amelengwa mpaka jambo limfike. Ama maendeleo, yanatokana na kuendelea, na katika mazungumzo ya kila siku kuendelea ni kutokukoma. Mvua inaendelea, safari inaendelea, mazungumzo yaliyokatizwa na adhana huendelea baada ya sala.

Katika neno hili la mwisho limejificha swali zito la kimaadili, ambalo nadharia za maendeleo zimelizunguka kwa zaidi ya nusu karne bila kuliingia. Je, mtu anayemwanzishia mwenziwe jambo jema, ilhali anajua kuwa huenda hatalifikisha mwisho, amemtendea wema, au amemtwisha deni asilolijua?

Ili swali hili lisielee hewani, inafaa kwanza litazamwe pale lilipozaliwa. Tarehe 20 Januari 1949, Rais Harry Truman wa Marekani, katika hotuba ya kuapishwa kwake, aliitaja sehemu kubwa ya dunia kuwa ni maeneo yaliyokuwa nyuma, akaahidi kuwa nchi yake itagawana nayo maarifa ya sayansi na viwanda. Hapana shaka umaskini ulikuwepo kabla ya siku hiyo. Lakini tangu hapo umaskini wa watu mbalimbali, kila mmoja na sababu zake, ulianza kutazamwa kama maradhi ya namna moja yenye dawa ya namna moja. Mwaka 1960 mwanauchumi W. W. Rostow aliipa fikra hiyo umbo lake mashuhuri: kila jamii hupita katika hatua tano zilizopangwa, na kati ya hizo imo ile ya kupaa, kama ndege inavyouacha uwanja. Waliotangulia walikuwa wameshapaa. Waliobaki chini walihitaji kusukumwa.

Nadharia ya namna hii ina uzuri wake. Humpa matumaini aliyekata tamaa, na humwambia tajiri kuwa maskini hakuumbwa na dosari. Lakini ina upofu pia. Anayeamini kuwa njia ni moja haoni haja ya kumuuliza mwenyeji wa njia. Watanganyika walilishuhudia hilo hata kabla ya Rostow kuandika. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu wa Kiingereza ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa wiki chache tu, ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga kwa ajili ya mafuta ambayo Uingereza ilikuwa ikiyakosa baada ya vita. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Ardhi ya udongo mwekundu ikakauka na kuwa ngumu kama sakafu, mvua ikawa haba, mitambo ikavunjika, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo, waliokuwa wameishi na ukame wa nchi ile kwa vizazi, walijua mvua yake inavyonyesha na inavyokosekana. Hawakuulizwa, kwa sababu katika mahesabu yale ujuzi wao haukuwa na safu ya kuandikwa.

Kongwa, hata hivyo, ni mfano mwepesi. Ulikuwa mpango wa kumnufaisha aliyeuanzisha, nao ulishindwa, na kuucheka ni rahisi. Swali gumu zaidi hutokea pale ambapo mpango ni mwema, unafanywa kwa nia njema, na unafaulu. Mfano wa namna hiyo uko Unguja na Pemba, katika vita vya kupambana na malaria.

Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza azma ya kuitokomeza malaria ulimwenguni. Nadharia yake ilikuwa safi na yenye mantiki. Mbu jike akishashiba damu hutua ukutani kupumzika. Ukuta ukipuliziwa dawa yenye kudumu, mbu hufa kabla ya kuishi siku za kutosha kuyakuza maradhi ndani ya mwili wake na kuyapeleka kwa mtu mwingine. Hivyo, kwa muda wa miaka michache, mnyororo hukatika, na ukishakatika hauhitaji tena kukatwa. Sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara haikuingizwa katika mpango huo, kwa kuwa kazi ilionekana kubwa mno. Zanzibar, kwa kuwa ni visiwa na bahari ni boma lake, ilichaguliwa kuwa miongoni mwa mahali pa kufanyia majaribio.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wapiga dawa wakaingia majumbani, mitaa kwa mitaa na shamba kwa shamba. Vyombo vya jikoni vilitolewa uani, vitanda vikasogezwa, kuta zikapuliziwa. Matokeo hayakuwa ya kubuni. Visiwa ambavyo kabla ya hapo zaidi ya nusu ya watu waliopimwa walikutwa na vijidudu vya malaria, kufikia mwaka 1968 vilikuwa na mtu mmoja au chini ya hapo katika kila kumi. Watoto ambao wangezikwa walikwenda chuoni. Kisha, mwaka huo huo wa 1968, kazi ikasimama. Mwaka uliofuata shirika lenyewe likaiacha azma ya kuitokomeza malaria duniani kote na kurudi kwenye lengo dogo la kuidhibiti. Mbu wakarudi kutani, na haikupita miaka mingi malaria ikarejea kwa nguvu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Malaria haikurejea kwa watu wale wale iliowaacha. Mtu aliyezaliwa na kukulia penye malaria nyingi, akinusurika utotoni, mwili wake hujijengea kinga ya kiasi fulani. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa, ila humpunguzia ukali wa homa na hatari ya kufa. Kinga hiyo ina gharama kubwa mno, kwani hununuliwa kwa maisha ya watoto wengi. Lakini ikishapatikana ni mali ya mwenyewe, nayo hupotea iwapo mwili utakaa muda mrefu bila kukutana na maradhi. Na achukuliwe, kwa mfano wa kufikirika, mtoto aliyezaliwa Wete mwaka 1960. Katika miaka yake minane ya mwanzo malaria imekuwa adimu. Ameepushwa na homa, naye pia ameepushwa na silaha ambayo homa ingemwachia. Wapiga dawa wanapoondoka, maradhi yanamkuta mkubwa wa umri lakini mchanga wa kinga.

Wala haiwezi kusemwa kuwa hakuna aliyelijua hilo. Katika mkutano wa wataalamu wa malaria uliofanyika Kampala mwaka 1950, jambo hili lilijadiliwa waziwazi. D. Bagster Wilson, tabibu aliyetafiti malaria kwa miaka mingi Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waliotahadharisha kuwa si salama kuivuruga kinga ya wenyeji ikiwa hakuna hakika kuwa kazi itadumu. Wengine, na hoja yao ilikuwa na uzito pia, waliona kuwa ni aibu kukaa na dawa mkononi huku watoto wakifa, eti kwa kuhofia yatakayotokea kesho. Pande zote mbili zilikuwa na huruma. Lakini katika mjadala ule wote, wazazi wa watoto waliokuwa wakizungumziwa hawakuwa na kiti. Wahenga walishasema: asiyekuwapo na lake halipo.

Yupo atakayesema kuwa lawama hii ni ya kutokutosheka. Miaka kumi ya nafuu ni miaka kumi. Mtoto aliyeokolewa mwaka 1962 ameokolewa kwa kweli, naye hawezi kuambiwa kuwa uhai wake haukuwa na maana kwa sababu mdogo wake aliugua mwaka 1972. Hoja hii isidharauliwe. Anayesema kuwa wema usiodumu ni bora usifanywe kabisa, na ajaribu kuyasema maneno hayo mbele ya mama aliyekaa usiku kucha na mwana mwenye homa. Hakuna maadili yanayostahili jina hilo yatakayomkataza mtu kumzimia jirani moto kwa sababu huenda nyumba ikaungua tena mwakani.

Hata hivyo, zipo namna mbili za wema, nazo zisichanganywe. Upo wema unaomwacha mtu kama alivyokuwa, ila amepata nafuu. Mwenye kumfuturisha mfungaji kwa tende na maji amemtendea wema uliokamilika papo hapo. Kesho asipompa tena, mfungaji hajawa dhaifu zaidi kwa sababu ya futari ya jana. Na upo wema unaombadilisha mtu, ukamvua alichokuwa nacho ili avishwe kilicho bora. Wema wa namna hii hauwezi kuhukumiwa kwa siku yake ya mwanzo. Anayemwezulia mwenziwe paa la makuti kwa nia ya kumwezekea mabati, kisha akaondoka kabla mabati hayajafika, hawezi kujitetea kwa kusema kuwa makuti yale yalikuwa yakivuja. Yalikuwa yakivuja, ni kweli. Lakini yalikuwa paa.

Kwa hiyo katika wema wa namna ya pili, kuanza kwenyewe ni ahadi, hata kama hakuna aliyetamka neno la kuahidi. Na ahadi ni deni. Hapa ndipo neno mfadhili linapopungukiwa. Anayeanza jambo lenye kuyabadilisha maisha ya watu ameshatoka katika uwanja wa fadhila na kuingia katika uwanja wa wajibu, ambamo hadai tena kushukuriwa na anaweza kuulizwa. Nadharia ya maendeleo, kwa sehemu kubwa ya historia yake, imelikwepa badiliko hili. Imetaka uhuru wa mtoaji sadaka, anayetoa apendapo na kuacha apendapo, na papo hapo imetaka nguvu ya mwashi, anayevunja na kujenga.

Kitenzi cha vitendo ndicho kinachoonesha tofauti kati ya nadharia na jamii. Nadharia haina umri. Ni mchoro, nao mchoro hausubiri mvua. Utekelezaji una umri mfupi: miaka mitatu, miaka mitano, ripoti ya kati na ripoti ya mwisho. Jamii ndiyo yenye umri mrefu, kwa kuwa watu wa Makunduchi watakuwa watu wa Makunduchi baada ya ripoti ya mwisho kuandikwa. Wahenga walimpangia mgeni siku mbili za kukirimiwa, na siku ya tatu apewe jembe. Mgeni wa maendeleo amekuja kinyume: siku ya kwanza huja na jembe lake mwenyewe, akalima kwa bidii akishangiliwa, na siku ya kuondoka akaondoka nalo.

Ushahidi wa nani anayebaki unaonekana kwa macho pale Michenzani. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Ujerumani ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa marafiki wa mwanzo wa Zanzibar, na mwishoni mwa muongo huo wataalamu wake walisaidia kuupanga upya mji wa Ng'ambo. Nyumba za udongo na makuti zilivunjwa, na mahali pake yakasimama majumba marefu ya ghorofa, yaliyonyooka pande za njia kuu kama mistari ya rula. Nia ilikuwa ya haki: mtu wa Ng'ambo, aliyedharauliwa na ukoloni kwa kukaa upande wa pili wa mji, apate makao ya kisasa. Tarehe 3 Oktoba 1990 dola ile iliyosaidia kuchora ilitoweka katika ramani ya dunia. Hakuna tena ofisi ya kupelekea swali kuhusu mchoro wake. Majumba yapo, na watu wamo. Watu hao ndio waliokwenda chini ya majumba na kuweka baraza ambazo mchoro haukuziweka, na meza za biashara ambazo mchoro haukuziwazia, na kuurejesha uani uliokuwa umepandishwa ghorofani. Walifanya hivyo pasipo nadharia yoyote iliyoandikwa, kwa sababu tu wao ndio waliobaki.

Mfano wa tatu uko pwani ya mashariki ya Unguja, nao una mafunzo ya aina nyingine. Kwa miaka mingi Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akitafiti na kueleza kuwa mwani unaweza kulimwa katika pwani za nchi hii. Mwaka 1989 kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kamba hufungwa kwenye vijiti katika maji madogo, vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba, na wakati wa bamvua, bahari inaposogea mbali, wakulima huingia kuvuna na kupanda. Mwani mkavu husafirishwa ng'ambo, ukatolewa utomvu mzito unaotumika katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Wanaume wengi waliijaribu kazi hiyo kisha wakaiacha kwa kuiona haina faida. Wanawake walibaki, na hadi leo wao ndio wakulima wengi.

Yaliyofuata hayakuwa yote katika maandishi ya wapangaji. Mwanamke wa Paje aliyekuwa akisubiri kupewa akawa na pesa aliyoitafuta kwa mkono wake. Akanunua sare na daftari za watoto, akaezeka nyumba, akapata kauli katika mambo ambayo hapo kabla yaliamuliwa barazani bila yeye. Hakuna aliyempa kauli hiyo, aliitwaa. Lakini bei ya mwani ilikuwa, na imebaki kwa kiasi kikubwa, mikononi mwa wanunuzi, na kilo ya mwani mkavu humwachia mkulima fedha kidogo mno ukilinganisha na migongo iliyoinama. Kisha bahari yenyewe ikaanza kubadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji yamekuwa yakipata joto kuliko mwani unavyostahimili, na ile aina yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, ikawa inakufa katika maji madogo. Ushauri ukatolewa kuwa upandwe kwenye maji ya kina, ambako kuna ubaridi. Ushauri ulikuwa sahihi kwa mwani. Kwa wanawake wengi haukuwa rahisi, kwa kuwa walikuwa hawajui kuogelea na hawana vyombo.

Katika sentensi hiyo moja mna somo zima la uhusiano wa nadharia, vitendo na jamii. Nadharia ilijua joto la maji. Haikujua kuwa mtoto wa kike wa pwani hulelewa kando ya bahari bila kufundishwa kuiogelea. Ujuzi huo haupatikani maabara. Unapatikana kwa kuuliza, na kwa kukaa muda wa kutosha mpaka anayeulizwa akaona kuna faida ya kujibu. Pale ambapo wanawake waliulizwa na kushirikishwa, mambo mengine yalizaliwa. Baadhi yao, wakishirikiana na watafiti, walianza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni na mafuta ya kujipaka, ili sehemu ya thamani yake isipande melini ikaondoka. Pato la kazi hiyo si kubwa, wala halijawatoa wengi katika dhiki. Lakini ni la wao waliolianzisha pamoja na wenzao, na swali la lini litakoma halijibiwi na ofisi iliyo mbali.

Hapa yafaa kukumbukwa kuwa fikra hii si ngeni katika nchi hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kukataa kuifanya fedha ya wageni kuwa msingi wa maendeleo. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwa kirefu kuwa mtu haendelezwi na mwingine kama inavyojengwa nyumba, bali hujiendeleza mwenyewe kwa kushiriki katika uamuzi na kazi. Ni busara iliyo wazi. Na bado kati ya mwaka 1973 na 1976, chini ya serikali ya Mwalimu yule yule, mamilioni ya wanavijiji wa Tanzania Bara walihamishwa, wengi wao kwa nguvu, ili wakaishi katika vijiji vilivyopangwa. Nadharia iliyosema kuwa watu hawaendelezwi kwa kulazimishwa ilitekelezwa kwa kulazimisha. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa kosa linalozungumzwa hapa lina rangi au pasipoti. Hata mwenyeji akishika kalamu ya kupanga maisha ya mwenyeji mwenziwe asiyekuwapo, huwa mgeni kwake.

Na upo upande mwingine wa lawama usiopendwa kutajwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini yapo manufaa kwa baadhi katika kutegemea. Mikutano hulipiwa posho, magari hununuliwa, na mtumishi wa umma hujikuta akiyajua zaidi matakwa ya anayelipa kuliko haja za anayehudumiwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuzitengea huduma za afya asilimia 15 ya bajeti zao. Nchi nyingi hazikuwahi kuifikia ahadi hiyo. Anayemdai mgeni atimize ahadi ambayo hakuitamka, naye na atazame ile aliyoitamka mwenyewe.

Swali hili limerudi upya katika miaka ya karibuni, tena kwa njia ile ile ya malaria. Baada ya jaribio la pili katika miaka ya 1980, ambalo nalo lilikoma bila kuleta ushindi wa kudumu, Zanzibar ilianza awamu ya tatu. Mwaka 2003 ilibadili dawa za matibabu, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeshindwa kazi. Vyandarua vyenye dawa vikagawiwa, na kuanzia mwaka 2006 kuta zikapuliziwa tena. Fedha nyingi zilitoka katika Mfuko wa Dunia na katika mpango wa malaria wa Rais wa Marekani uliotangazwa mwaka 2005. Maambukizi yakashuka hadi chini ya mtu mmoja katika kila mia. Safari hii kulikuwa na jambo lililokosekana mwaka 1968: vituo vya afya vya visiwani, kuanzia mwaka 2008, vilianza kutuma taarifa za wagonjwa kila wiki kwa simu za mkononi, na wahudumu wa hapa hapa wakawa wanafuatilia hadi nyumbani kwa mgonjwa kuwapima walio naye. Ujuzi ulikuwa umeanza kuhamia kwa anayebaki.

Kisha, mwezi wa Januari mwaka 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai ya mwaka huo shirika lake la misaada, lililokuwepo tangu mwaka 1961, lilikuwa limeacha kuendesha shughuli hizo. Mjadala mwingi uliofuata ulihusu haki ya mtoaji: fedha ni zake, na anaweza kuzirudisha mfukoni. Kwa lugha ya fadhila, hoja hiyo haina jibu. Kwa lugha ya deni, inalo. Mtoto wa Unguja aliyezaliwa baada ya mwaka 2006 amekua bila kinga waliyokuwa nayo babu zake. Hakuichagua hali hiyo, wala mzazi wake hakutia saini popote. Amewekwa mahali ambapo ulinzi wake wote uko katika chandarua, dawa na mhudumu, na vitu hivyo vitatu vinahitaji mtu wa kuvilipia. Haitoshi kumwambia kuwa aliyekuwa akilipa alikuwa mwema.

Je, ina maana kwamba anayeanza ajifunge milele? Hakuna binadamu anayeweza kuahidi milele, na serikali hubadilika kama pepo za kusi na kaskazi. Anachoweza kuahidi ni ukweli. Anaweza kumwambia mwenyeji tangu siku ya mwanzo kuwa fedha ni za miaka mitano, na kwamba baada ya hapo hatari ni hii na hii, kisha amwache mwenyeji aamue kama paa liezuliwe. Na anaweza kuifanya kazi yake yote, tangu siku hiyo hiyo, kuwa ni kazi ya kukabidhi: ujuzi, vyombo, hesabu na mamlaka ya kusema hapana. Mwenyeji naye anapokea kwa sharti la kuanza mara moja kutia mkono wake, hata kama ni kwa kiasi kidogo, ili siku ya mgeni kuondoka isiwe ndiyo siku ya yeye kuanza kujifunza. Kama hayo hayawezekani, basi uungwana ni kufanya wema wa tende na maji, uliokamilika papo hapo, na kutouita maendeleo.

Kwa kuwa neno lenyewe limeshatoa hukumu. Kisichoendelea si maendeleo, hata kama kilianza kwa ngoma na hotuba. Mipango mingi imepimwa kwa kilichojengwa, kilichogawiwa na kilichotumika. Kipimo alichonacho mkulima wa mwani na mzazi wa Wete ni kingine. Wao hungoja mpaka gari la mwisho limeondoka na kibao cha kando ya barabara kimefifia rangi, ndipo wakatazama kama chandarua bado kinapatikana dukani au kituoni, na kama yupo wa kukitengeneza kisima siku kitakapoharibika.